Bima na Matibabu ya Uzazi Nchini Marekani: Namna ya Kujua Stahili Yako na Kuithibitisha kwa Maandishi

Wanandoa wengi kutoka Afrika Mashariki wanaoishi Marekani hufika kliniki ya uzazi wakiwa wameshajiandaa kwa kila jambo isipokuwa karatasi. Wamezungumza, wameomba, wamevumilia maswali ya mawifi na wakwe kila wanapopiga simu nyumbani, na hatimaye wamekubaliana kumwona daktari bingwa. Hapo ndipo wanapoambiwa mapokezi kwamba bima yao hailipi kabisa, au inalipia vipimo peke yake, au inataka ushahidi wa mwaka mzima ambao haujaandikwa popote. Mzunguko mmoja wa urutubishaji wa yai nje ya mwili, yaani IVF kama wengi tunavyouita, kwa kawaida hugharimu kati ya dola 15,000 na 20,000, na ukijumlisha dawa na vipimo vya ziada unaweza kuvuka kiasi hicho. Kwa fedha za namna hiyo, kuzifahamu kanuni za stahili kabla ya miadi ya kwanza ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye bima ya kazini au aliyejinunulia bima mwenyewe. Anayetegemea Medicaid, bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, ajue mapema kwamba katika sehemu kubwa ya nchi programu hiyo hailipii IVF, ingawa tiba ya magonjwa yanayozuia mimba huweza kulipiwa kama tiba ya ugonjwa mwingine wowote.

Nani anabeba gharama za mpango wako

Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayozilazimisha bima binafsi kulipia IVF. Sheria zilizopo ni za majimbo, na zaidi ya majimbo 20 yana sheria ya aina fulani kuhusu matibabu ya uzazi. Maryland ilitangulia kudai IVF ilipiwe, mwaka 1985, Massachusetts ikafuata mwaka 1987. Hata hivyo, sheria ya jimbo haimfikii kila mfanyakazi wa jimbo hilo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 iitwayo ERISA imeitoa mipango ambayo mwajiri anaigharamia kwa fedha zake mwenyewe nje ya mamlaka ya sheria za bima za majimbo, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima ya kazini wamo katika mipango ya aina hiyo.

Katika mpango kama huo, kampuni ya bima ambayo jina lake limechapishwa kwenye kadi haibebi gharama za matibabu yako. Inalipwa ada ili ipokee madai, itoe vibali na kutuma barua, huku kila dola inayokwenda hospitali ikitoka mfukoni mwa mwajiri. Ndiyo maana watu wawili wanaoishi jengo moja mjini Worcester, wote wakiwa na kadi za kampuni ileile, mmoja anaweza kulipiwa mizunguko kadhaa ya IVF na mwingine asilipiwe hata sindano moja: wa kwanza ameajiriwa na biashara iliyonunua ndani ya Massachusetts bima kamili, yaani ile ambayo kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayobeba gharama, wa pili ameajiriwa na kampuni kubwa ya kitaifa inayojigharamia na ambayo haikuiweka huduma hiyo katika mpango wake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ofisi ya utumishi ni nani anayebeba gharama za mpango, na la pili ni mkataba wa bima ulitolewa katika jimbo gani. Hili la pili huwachanganya watu sana. Kinachotazamwa kwa kawaida ni jimbo ulikotolewa mkataba, hata kama wewe unalala jimbo jingine. Mtu anayeishi New Jersey na kufanya kazi kwenye kampuni ya New York iliyonunua bima yake New York, huangaliwa kwa sheria ya New York. Majibu ya maswali haya mawili yapate kwa barua pepe, kwa sababu jibu la mdomo halitakusaidia utakapofika kwenye rufaa.

Hati mbili za kusoma kabla ya kumpigia mtu simu

Ya kwanza ni muhtasari wa kurasa chache uitwao Summary of Benefits and Coverage, ambao kila mpango unapaswa kuutoa kwa mpangilio unaofanana. Fungua kurasa za mwisho. Utakuta visanduku viwili, kimoja cha huduma ambazo mpango haulipii na kingine cha huduma za ziada zinazolipiwa kwa masharti, na matibabu ya ugumba huwa yametajwa katika kimojawapo. Yakiwa kwenye kisanduku cha kwanza, usikate tamaa papo hapo, kwani mara nyingi kinachokatazwa ni IVF huku uchunguzi ukiruhusiwa. Lakini umeshajua kwamba kazi iliyo mbele yako ni kubwa.

Ya pili ndiyo yenye uzito: Summary Plan Description, kitabu kamili cha mpango ambacho kinaweza kufika kurasa 100 na zaidi. Humo ndimo yalimoandikwa maneno self-funded au self-insured ikiwa mwajiri anajigharamia, ufafanuzi wa ugumba unaotumika, idadi ya mizunguko, kikomo cha fedha cha maisha (kiasi cha juu ambacho mpango utakulipia katika maisha yako yote) na orodha ya vizuizi. Ukiiomba kwa maandishi kutoka kwa msimamizi wa mpango ulio chini ya ERISA, anatakiwa kuitoa ndani ya siku 30, na akikaidi mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa. Iombe ile ya mwaka huu. Masharti hubadilika kila mpango unapohuishwa, na kitabu alichokutumia mfanyakazi mwenzako miaka miwili iliyopita kinaweza kukupotosha.

Ukishaisoma ndipo upige simu namba iliyo nyuma ya kadi. Uliza kama uchunguzi wa ugumba unalipiwa, kama matibabu yanalipiwa, ni mizunguko mingapi, mzunguko mmoja unahesabiwaje, dawa ziko chini ya kikomo kilekile au kingine, na kliniki zipi zina mkataba nao. Andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Kama Kiingereza cha bima kinakulemea, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na bima nyingi zinawajibika kumtoa bila malipo. Tafadhali usimtumie mtoto au shemeji kukalimani mambo haya. Hayo ni maswali ya kitandani na ya mimba zilizoharibika, na mtu akimwonea haya ndugu yake huficha tarehe ambayo ndiyo ingempa stahili.

Majimbo machache na tofauti zake

Massachusetts ina sheria mojawapo iliyo pana zaidi: bima zinazolipia huduma za mimba na kujifungua zinatakiwa kulipia matibabu ya ugumba kwa kiwango kilekile, na sheria yenyewe haikuweka idadi ya mizunguko, ingawa bima huweka miongozo ya kitabibu ya kuidhinisha kila mzunguko. Kwa Wakenya wengi wa Lowell na Worcester hii ni habari njema, mradi mwajiri asiwe anajigharamia.

Maryland inaruhusu bima kuweka kikomo cha majaribio matatu ya IVF kwa kila mtoto anayezaliwa hai na dola 100,000 kwa maisha yote, na waajiri wadogo wenye wafanyakazi chini ya 50 hawaguswi. New York, tangu Januari 2020, inazitaka bima za makundi makubwa, yaani ya waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 100, zilipie mizunguko mitatu ya IVF. Aliye kwenye kundi dogo au aliyejinunulia bima anapata uchunguzi na tiba za msingi bila IVF. Illinois inawagusa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 25 na kuhesabu kwa idadi ya mara mayai yanapovunwa, ambazo ni nne, na mbili zaidi ikiwa mtoto amezaliwa hai.

California imebadilika hivi karibuni. Sheria iliyotiwa saini na Gavana Gavin Newsom mwaka 2024 inazitaka bima za makundi makubwa zilipie uvunaji wa mayai mara tatu, na uhamishaji wa viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) bila kikomo, kwa mikataba inayotolewa au kuhuishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Zingatia neno kuhuishwa: kama mkataba wa mwajiri wako huhuishwa Julai, stahili yako inaanza Julai.

Texas, ambako jamii zetu za Houston na Dallas ni kubwa, ina sheria ambayo wengi huielewa vibaya. Inaitaka kampuni ya bima impe mwajiri nafasi ya kununua huduma ya IVF, na mwajiri ana hiari ya kukataa. Hata akikubali, kanuni inataka historia ya ugumba ya miaka mitano mfululizo, isipokuwa kama sababu imejulikana, kwa mfano mirija iliyoziba au kuondolewa, endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake) au upungufu wa mbegu za mwanamume. Pia inadai yai la mke lirutubishwe kwa mbegu za mume wake.

Miezi 12: hapa ndipo wengi hukwama

Karibu kila mpango unaolipa huanza na ufafanuzi wa ugumba. Shirika la Afya Duniani hutumia miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga pasipo kupata mimba. Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Uzazi hushauri uchunguzi uanze baada ya miezi 12 kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, na baada ya miezi sita kwa aliyefika miaka 35 au zaidi. Mwaka 2023 iliupanua ufafanuzi wake ili umjumuishe pia mtu anayehitaji mayai au mbegu za mchangiaji. Mipango mingi bado inatumia maneno ya zamani. Kaa na maneno ya kitabu chako, kwa sababu ndiyo atakayoyashika mkaguzi wa bima.

Mkaguzi huyo hatakuona uso. Ataona faili. Muuguzi anapouliza mmekuwa mkitafuta mtoto tangu lini, na mke akajibu kwa aibu kwamba ni muda mrefu, faili linabaki bila tarehe, na bila tarehe hakuna miezi ya kuhesabu. Jibu linalofaa lina mambo matatu ndani yake: mwezi mlioanza, kwamba hamtumii kinga yoyote, na kwamba mnaishi pamoja. Kwa mfano: tangu Machi 2024, bila kinga, tukiwa nyumba moja. Mwombe daktari aiandike sentensi hiyo katika maelezo ya ziara, kisha siku mbili tatu baadaye ingia kwenye akaunti yako ya mgonjwa mtandaoni uhakikishe imeandikwa hivyo.

Angalia pia orodha ya dawa. Ikiwa uliacha vidonge vya kupanga uzazi mwaka jana lakini orodha ya daktari wako wa kawaida bado inavitaja, mkaguzi anaweza kusema kwamba miezi yote hiyo ulikuwa kwenye kinga. Vivyo hivyo kwa sindano na vijiti. Omba kiondolewe kile ambacho hukitumii, na tarehe ya kukiacha iandikwe.

Kuna jambo linalowagusa watu wetu kuliko wengine. Miezi ambayo mume alikuwa Mwanza au Eldoret akisubiri viza huku mke yuko Minneapolis si miezi ya kutafuta mimba machoni pa bima, hata kama ndoa ina miaka minne. Hesabu inaanza mlipokutana. Kwa upande mwingine, ufafanuzi wa ugumba hauangalii nchi, na miezi mliyoishi pamoja nyumbani kabla ya safari ina thamani ikiwa ina ushahidi. Kama mlipimwa Muhimbili, Kenyatta au Aga Khan, leteni kila karatasi: ripoti ya ultrasaundi, picha ya mirija, kipimo cha mbegu, hata cheti cha kutoka hospitali baada ya mimba kuharibika. Kliniki ya Marekani itavirudia vipimo vingi, lakini tarehe za vile vya zamani zinaonyesha kwamba tatizo halikuanza jana. Kumbukumbu za hospitali zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, jambo linalokuondolea gharama ya tafsiri.

Kuhusu mimba zilizoharibika, Massachusetts ina kifungu ambacho kila mama anayehusika anapaswa kukijua. Mwanamke akipata mimba lakini isifike kuzaliwa mtoto hai, muda aliokuwa akitafuta kabla ya mimba hiyo unaingizwa katika hesabu. Aliyetafuta kwa miezi minane, akapata mimba, ikatoka, haanzi tena na sifuri. Mahali pengine kanuni hutofautiana, na mara nyingi mimba mbili au zaidi zilizoharibika huwa na kipengele chake cha peke yake, kwa hiyo kitafute katika kitabu.

Sababu ikishajulikana, mipango mingi haidai kusubiri. Mirija yote miwili ikiwa imeziba, au mume akiwa hana mbegu kabisa katika kipimo, kumwambia mtu ajaribu miezi 12 hakuna maana, na daktari akiandika hivyo kwa ushahidi wa kipimo, sharti la muda huondolewa. Hapa niwasihi wanaume wenzangu. Sababu za upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya matukio ya ugumba, na kipimo cha mbegu ni cha gharama ndogo kuliko vyote. Faili lisilo na kipimo hicho kwa kawaida halipati kibali, hata kama mke ameshapigwa sindano na kupimwa kila mahali. Mume anayekwepa kipimo kwa heshima ya jina lake anamchelewesha mkewe katika miaka ambayo haitarudi.

Masharti mengine yanayofichwa katika maandishi madogo

Mipango mingi hudai uanze na tiba nyepesi kabla ya IVF, hasa kupandikiza mbegu moja kwa moja katika mji wa mimba, wakati mwingine mara tatu au zaidi. Kama umri wako umesogea au mirija haifai, muulize daktari kama anaweza kuandika sababu za kitabibu za kuruka hatua hiyo, maana ruhusa ya aina hiyo hutolewa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mipango mingine huweka kikomo cha umri au hupima akiba ya mayai kwa vipimo vya damu vya homoni, AMH na FSH, na kukataa matokeo yakiwa nje ya kiwango chao. Karibu yote hukataa ugumba uliotokana na kufunga uzazi kwa hiari, kwa mwanamke au mwanamume.

Mwajiri wa kidini huweza kusamehewa na sheria ya jimbo. Hili si dogo kwetu, kwa sababu wauguzi na wasaidizi wa wauguzi wengi kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi wameajiriwa na hospitali za Kikatoliki, ambazo mipango yake mara nyingi huiondoa IVF kwa msingi wa imani. Uchunguzi, dawa za kuchochea mayai na upasuaji wa kurekebisha kizazi vinaweza kubaki ndani ya mpango huohuo. Uliza kimoja kimoja.

Hofu moja unaweza kuiweka kando. Tangu mwaka 2014, sheria ya afya ya shirikisho inakataza mpango wa kazini au bima ya soko la serikali kukunyima huduma kwa sababu tatizo lilikuwapo kabla ya kujiunga. Usiifiche historia yako ya nyumbani ukidhani itakuponza. Ndiyo ushahidi wako. Kuhusu kikomo cha fedha cha maisha, mara nyingi kinaruhusiwa kwa huduma za uzazi, kwa hiyo usishangae kukikuta.

Uchunguzi, tiba, na msimbo ulioandikwa kwenye dai

Kila dai linalokwenda bima hubeba msimbo wa ugonjwa, na msimbo huo huamua dai liingie mlango gani. N97.9 maana yake ni ugumba wa mwanamke usiotajwa sababu, N97.1 ni ugumba unaotokana na mirija, N97.0 ni ule wa mayai kutopevuka. Mkaguzi anayetakiwa kuidhinisha IVF moja kwa moja bila hatua za awali anasaidiwa sana na N97.1 yenye picha ya mirija kuliko N97.9 isiyosema lolote. Huwezi kumwambia daktari aandike msimbo usio wa kweli, na usithubutu. Unachoweza ni kumwomba aandike ulio mahususi pale vipimo vinapouthibitisha.

Zaidi ya hapo, magonjwa mengi yanayozuia mimba yana haki ya kutibiwa kwa jina lake yenyewe. Uvimbe kwenye kizazi, ambao huwapata wanawake weusi kwa wingi na mapema kuliko wengine, ni ugonjwa unaotoa damu na kuumiza, na kuuondoa kwa upasuaji hulipiwa kwa kawaida katika sehemu ya upasuaji wa mpango. Ndivyo ilivyo kwa tezi ya shingo, endometriosisi na homoni ya prolaktini iliyopanda. Mwanamke ambaye kitabu chake kinasema matibabu ya ugumba hayalipiwi bado anaweza kupata nusu ya safari yake ikilipiwa kihalali, ikiwa daktari wake anatibu uvimbe kama uvimbe.

Kibali cha awali, dawa na akiba

Usianze sindano kabla ya kibali kufika kwa maandishi. Soma kibali chote: kina tarehe ya mwisho, jina la kliniki, na huduma zilizotajwa moja moja. Kugandisha viinitete, kuvihifadhi kwa mwaka na kuvipima vinasaba mara nyingi havimo, na bili yake huja baadaye kama mshtuko.

Dawa ni mlango mwingine kabisa. Sindano za kuchochea mayai kama Gonal-f, Menopur na nyinginezo hutoka duka maalumu la dawa linalotuma kwa posta, hushughulikiwa na kampuni inayosimamia dawa za mpango na huhitaji kibali chake. Wafanyakazi wa serikali kuu, wakiwemo wa posta na wa hospitali za maveterani, wasome hapa kwa makini: tangu mwaka 2024 mipango ya bima ya wafanyakazi wa serikali kuu ilitakiwa ilipie dawa za IVF kwa mizunguko mitatu kwa mwaka pamoja na upandikizaji wa mbegu, hata pale ambapo utaratibu wenyewe wa IVF haulipiwi.

Kiasi kinachobaki unaweza kukilipa kwa fedha za akaunti ya HSA au FSA, yaani akaunti za kuweka fedha za gharama za afya, ambazo hazikatwi kodi, kwa kuwa mamlaka ya kodi ya Marekani inaitambua IVF kama gharama ya matibabu.

Kuhamia mpango wa mwenzi wako au wa mwajiri mwingine

Kama mpango wako haufai na wa mwenzi wako unafaa, jiunge wakati wa usajili wa kila mwaka, ambao kwa kampuni nyingi huwa vuli. Ndoa mpya inafungua dirisha la siku 30 katika bima ya kazini. Wengi hufunga ndoa nyumbani na mwenzi akafika baada ya mwaka au zaidi. Muulizeni mapema mwajiri kama kuwasili kwake kutahesabiwa, la sivyo subirini usajili wa mwaka. Ofisi ya utumishi itaomba cheti cha ndoa. Aliyefunga ndoa ya kimila Kenya anaweza kuisajili chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na kwa Tanzania bara usajili hushughulikiwa na RITA. Shughuli hiyo ifanywe kabla ya safari, kwani kuifuatilia kutoka ng'ambo huchukua miezi.

Baadhi ya waajiri wanaojigharamia hununua huduma ya uzazi kutoka kampuni maalumu kama Progyny au Carrot, na stahili yake hutajwa katika kijitabu tofauti na cha bima. Starbucks inajulikana kwa kuwapa huduma za uzazi hata wafanyakazi wa muda. Ukipoteza kazi katikati ya mzunguko, sheria ya COBRA inakuruhusu kuendelea na mpango uleule kwa miezi 18, kwa kawaida, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi. Utalipa hadi asilimia 102 ya gharama nzima, na una siku 60 za kuamua. Ni ghali, ila kwa mzunguko ulioidhinishwa tayari huwa nafuu kuliko kulipa mwenyewe.

Bima ikikataa

Barua ya kukataa inatakiwa itaje sababu na kifungu cha mpango kilichotumika. Una siku 180 za kukata rufaa ya ndani. Kwanza omba faili zima la dai lako, ambalo unastahili kupewa bila malipo, pamoja na mwongozo wa kitabibu waliouegemea. Rufaa nzuri hujibu kifungu kilichotajwa na kile tu: wakisema miezi 12 haikuthibitishwa, weka maelezo ya daktari yenye tarehe, vipimo vya nyumbani na orodha ya dawa iliyosahihishwa, wakisema hukupitia tiba nyepesi, weka barua ya daktari yenye sababu. Simulizi ya machungu yako iwe aya moja. Kwa huduma ambayo bado haijafanyika, uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 30.

Wakishikilia kukataa, una miezi minne ya kuomba mapitio ya nje, ambapo mtaalamu asiye wa bima hulisoma faili na uamuzi wake huifunga bima. Mapitio hayo ni kwa ajili ya migogoro ya kitabibu, kama vile kama IVF ni ya lazima kwako au la. Mpango ambao umeiondoa IVF waziwazi kwa kila mtu hauwezi kulazimishwa kwa njia hiyo. Kwa mipango ya ERISA, Wizara ya Kazi ina maofisa wanaosaidia bila malipo kwa simu 1-866-444-3272. Kwa bima kamili, mlango ni idara ya bima ya jimbo.

Aliye katika mpango unaojigharamia na usiolipa amebakiwa na mwajiri wake, ambaye ana uwezo wa kuuongeza mpango huo kwa uamuzi wake mwenyewe. Oktoba 2025 serikali kuu ilitoa mwongozo unaowarahisishia waajiri kutoa huduma za uzazi kama faida inayojitegemea, bila kuwalazimisha. Barua ya kuomba hivyo iende ofisi ya utumishi kati ya Machi na Juni, kabla mipango ya mwaka unaofuata haijafungwa, na iwe na sahihi za wafanyakazi kadhaa. Anayeogopa siri yake kujulikana si lazima aandike kwamba yeye ni mgonjwa. Inatosha kuomba huduma hiyo kwa ajili ya wafanyakazi wote na kuambatanisha maneno ya mpango wa mwajiri mwingine wa kazi ileile anayeitoa.